Mshahara wa Getini

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa kaka yangu mpendwa Ezron,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitwe, wewe, wifi yangu Nesta na watoto. Natumaini hamjambo, biashara ya spea inakwenda, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa msiba kimeachia. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mvua zimeanza kupungua, mahindi ya Mbozi yanaelekea kukauka, na foleni ya malori mpakani ni ileile unayoijua. Watu wa hapa wanakusalimia wote, hata yule mama wa maharage pale sokoni ambaye mpaka leo anasema uliondoka na sado yake ya kupimia ukaenda nayo Zambia. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi za simu. Nimeamua hivyo kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi, kaka. Unangoja tu nivute pumzi ili uingie. Na mimi nikianza kulia kwenye simu unasema mtandao mbaya, unakata. Kwa hiyo nimekaa chini, nimeandika, na nimempa dereva wetu anayeleta mzigo Kitwe wiki hii. Nimemwambia asiondoke hapo dukani kwako mpaka akuone umeifungua.

Wifi ameniambia kwamba umepata wakili, na kwamba kabla ya mwisho wa mwezi mtasaini madai ya mafao ya marehemu mama kwa miaka yote aliyofunga geti la reli ya jeshi. Usimgombeze Nesta. Aliniambia akidhani najua. Ninachokuomba ni kimoja, usisaini kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ukisaini, jeshi halitaumia hata kidogo. Ataumia Sajenti Alinanuswe wa kikosi cha reli pamoja na vijana wake, na Sajenti amebakiza muda mfupi tu astaafu. Anaweza kuondoka mikono mitupu, au akaondoka na pingu. Nitakueleza kwa nini, na ukishanielewa uamuzi utakuwa wako.

Kazi yangu unaijua, ingawa umezoea kuitania. Mimi ndiye mkadiriaji gharama kwa bwana Yassir. Lori likitoka hapa kwenda Lubumbashi, mimi ndiye ninayesema litakula mafuta kiasi gani, tairi ngapi zitaisha, posho ya dereva na siku za kulala mpakani. Nimezoea vibaya. Hata harusini najikuta nakadiria sahani na soda, bwana harusi anacheza mimi naona hasara. Basi mwaka jana wakati wa kiangazi jeshi likatafuta bei kwa kampuni binafsi. Lilitaka kujua ingegharimu kiasi gani mfanyabiashara akikabidhiwa kuendesha na kutunza ile reli ndogo ya kambi, ile inayochepuka kutoka reli kubwa mpaka kwenye maghala yao, tuliyokulia ubavuni mwake. Bwana Yassir maisha yake yote ni malori, lakini akasema treni ni lori lisilokata kona, tutaomba. Akanipa mimi hesabu hiyo kwa kuwa alijua mimi ni mtoto wa Getini, wa mlinzi wa geti la reli hiyo.

Nilifurahi, kaka, nisikufiche. Nilijiona narudi nyumbani na kalamu. Nilikumbuka baba Jairo na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, alivyokuwa akizifua Jumamosi na kuzianika uani kabla ya nguo zetu za kanisani. Nilikumbuka boriti ya geti ilivyokuwa ndefu na wewe ulivyokuwa ukining'inia kwenye ncha yake mpaka baba akuchape. Baba alipofariki wewe ulikuwa umeshahamia Zambia, mimi nilikuwa chuoni, na habari tuliyoipata sote ilikuwa moja. Jeshi limemwachia mama kazi ya baba, ataendelea kukaa kwenye ile nyumba ya vyumba viwili, na kila mwisho wa mwezi ataletewa mshahara kwenye bahasha. Tulimshukuru Mungu. Na tuseme ukweli, kaka, tulipumua. Wewe ulisema mama ana mshahara wa serikali, ukajenga. Mimi nilisema vivyo hivyo, nikanunua kochi.

Sasa kukadiria reli ya jeshi si kama kukadiria malori. Jeshini kila kitu kipo tu. Ukiuliza nani anabadilisha mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli, unaambiwa vijana wapo. Ukiuliza nani anafyeka majani, vijana wapo. Mafuta yanatoka kwenye tangi la kambi, kichwa cha treni kinatengenezwa kwenye karakana ya kambi, na fundi akiumia kidole daktari yupo. Hakuna anayejua bei ya kitu chochote kwa sababu hakuna anayekilipia peke yake. Lakini mfanyabiashara hana vijana wa bure. Bwana Yassir aliniambia niandike kila kitu, hata chai ya saa nne ya wafyekaji, maana kitu ambacho hukukiandika ndicho kitakachokufilisi. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi nilitakiwa kuujua ule uundaji wote, na kila kimoja nikipe bei ya sokoni.

Ndiyo nikapewa Sajenti Alinanuswe anitembeze. Unamfahamu tangu akiwa kijana mwembamba, sasa amekuwa mzee mwenye kitambi na miwani. Tulipanda toroli la reli pamoja na askari wawili wa kusukuma, tukaifuata njia kutoka kwenye maghala. Nilikuwa nauliza, yeye anajibu, mimi naandika. Daraja dogo, kokoto, nati, mfereji uliojaa udongo. Alinijibu vizuri na kwa utani, aliniita mwanangu, na akaniambia kwamba nikimkadiria yeye mwenyewe niweke bei ya vyuma chakavu. Tulipokaribia nyumbani, pale reli inapotokea kwenye mkato wa kilima na huwezi kuiona treni mpaka imekufikia, nikamwona mama amesimama kando ya geti na bendera ya kijani, kanga kiunoni na lile koti la mvua la baba, ingawa jua lilikuwa kali. Wale askari wawili wakaacha kusukuma wakampigia saluti. Mama akaitikia kwa bendera, uso mkavu kabisa, kama vile hanijui.

Toroli lilipopita nikamuuliza Sajenti kuhusu mlinzi wa geti. Nilitaka kujua jeshi linamlipa kiasi gani kwa mwezi, na kama kuna posho ya mazingira magumu. Mwenyewe nilicheka, kwa sababu nilikuwa nauliza mshahara wa mama yangu mzazi. Sajenti hakucheka. Alisema niandike sifuri.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia haiwezekani iwe sifuri, kila mwezi mama anapata bahasha. Akawaamuru wale vijana wasimamishe toroli wakanywe maji mtoni. Tulipobaki wawili, alivua kofia. Alisema kazi ya ulinzi wa geti ilifutwa baba alipofariki. Treni zilikuwa zimepungua, wakubwa wakaona dereva anaweza kusimama kabla ya mkato, mtu akashuka na bendera, wakapita. Kwenye mpango wa jeshi pale hapana mlinzi, hapana geti, na ile nyumba imeandikwa kuwa imebomolewa.

Alisema wao wa kikosi cha reli walikwenda Getini baada ya arobaini ya baba wakiwa na rambirambi ya mwisho na habari kwamba mama atapaswa kuondoka. Walimkuta amesimama pale nje na bendera, anangoja treni. Tangu baba afariki alikuwa akifunga geti kila ilipopita, kwa sababu watoto wa shule na mikokoteni ya ng'ombe hupita pale, na hakuna aliyemwambia aache. Mama alimwona Sajenti na bahasha mkononi, akamuuliza, Afande, ni mshahara? Sajenti aliniambia kwamba mdomo wake ulisema ndiyo kabla kichwa chake hakijaamua.

Tangu siku hiyo, kaka, ule mshahara ulikuwa mchango. Askari wa kikosi cha reli walijikata mishahara yao kila mwisho wa mwezi, wakakusanya, wakatia kwenye bahasha ya kaki, na mmoja akatumwa kuupeleka. Wenyewe kwa wenyewe waliuita rambirambi isiyokwisha. Askari akihamishwa, anayekuja anaelezwa habari ya Getini kabla hajaonyeshwa kitanda chake. Na akifika kwa mama anapaswa kupiga saluti na kusema maneno yaleyale, kwamba mshahara umetoka, Mama Ezron.

Ndiyo, kaka. Kila mwezi walilitaja jina lako.

Nilimuuliza kwa nini hawakutuambia sisi watoto. Sajenti aliniangalia kwa mshangao, akasema walidhani tunajua, maana ni watoto gani wasioujua mshahara wa mama yao. Mpaka leo nikikumbuka swali lile natamani ardhi inimeze.

Nilirudi Tunduma na makaratasi yangu nikafanya kitu cha pekee nilichoweza. Kwenye makadirio niliandika walinzi wa geti wawili, wa zamu, kwa mshahara wa sokoni, na ukarabati wa nyumba. Bwana Yassir alipofika hapo akaguna. Alisema jeshi lenyewe halina mlinzi pale, sisi tunamtoa wapi, hiyo itatupandisha bei tukose kazi. Nilimweleza juu ya mkato na watoto wa shule. Nilibishana naye kama sijawahi, mpaka akaniuliza kama nalia. Alipojua kwamba mlinzi mwenyewe ni mama, yule mzee wa watu alivua kofia yake ya kufuma, akaniambia niache kama ilivyo. Sikutegemea. Ila mpaka leo jeshi halijatoa uamuzi, na reli bado iko mikononi mwa Sajenti na vijana wake. Kutoa ni moyo, lakini makaratasi ya zabuni yana mwendo wake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Getini. Nilikwenda nimedhamiria kumwambia mama ukweli, kisha nimchukue aje kukaa nami hapa mjini. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo. Nikazunguka, nikasifu kuku, nikasifu magimbi, unajua ninavyokuwa nikiwa na jambo. Yeye akaendelea kuchagua, halafu bila kuinua uso akauliza kama Alinanuswe ameniambia.

Kaka, mama alikuwa anajua.

Alisema alijua tangu Januari ya kwanza. Mshahara wa baba ulipitia benki, na haukuwahi kubadilika. Huu wake ulikuja na noti za kila aina, nyingine zimekunjwa kama zimetoka kwenye soksi, nyingine zina mafuta ya kupikia. Kila Januari bahasha ilikonda, kwa kuwa Januari askari wana ada za watoto. Mama alisema mshahara wa serikali haujui Januari. Ndiyo maana mwezi huo alikuwa akipeleka kambini gunia la mahindi na maharage, anawaambia yamemzidi, panya watayamaliza. Wao walipokea wakidhani mama hajui kitu, na mama akapokea bahasha yao huku akijifanya hajui kitu.

Nilikasirika, Ezron. Nilimwuliza kwa nini amekaa miaka yote hiyo akisimama juani na kwenye mvua kwa kazi ambayo haipo. Hakukasirika. Alisema wale vijana wasingeweza kumpa mjane sadaka kila mwezi bila kuona haya, na yeye asingeweza kuipokea. Lakini mtu akifunga geti, basi anastahili bahasha. Alisema hata siku moja hakuwahi kula fedha yao bila kusimama. Kisha akaniambia nikimwondoa pale na kumleta Tunduma nitakuwa nimemfanya ombaomba wa mwanawe, ilhali pale yeye ni mtumishi. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto akimtunza mama yake haitwi mfadhili, lakini nikakumbuka kochi nililonunua. Aliniapisha nisimwambie Sajenti kwamba anajua, na nisikuambie wewe kabisa. Nilimwuliza kwa nini wewe. Alisema Ezron ana moyo mwepesi na aibu nyingi, akijua atajiona hafai. Leo ninakivunja kiapo hicho, na ninamwomba marehemu anisamehe.

Mvua za mwaka huu umezisikia. Mwezi wa kwanza mama alikuwa ameshaanza kukohoa. Sajenti alikwenda mwenyewe akamsihi apumzike, akamwambia vijana watafunga geti kwa zamu na mshahara hautakatwa. Mama alimjibu kwamba akikaa ndani hizo fedha zitakuwa za nini. Sajenti hakujua kwamba mama anajua, kwa hiyo lile jibu hakulielewa. Mimi alipolirudia mbele yangu nililielewa, nikatoka nje nikalia nyuma ya gari. Siku ya mvua ile kubwa treni ilichelewa sana, na mama hakutaka kuingia ndani kwa sababu watoto wa shule walikuwa wanarudi. Alisimama mpaka ikapita. Homa ya mapafu ikamshika usiku uleule. Kule hospitali walijitahidi, siwezi kusema uongo, lakini mapafu ya mama yalikuwa yameshachoka.

Sasa tuje kwenye msiba, na hapa nitakuumiza. Tulimpeleka Msangano tukamlaza kando ya baba, joto lile la bondeni na vumbi la makaburini, na wale askari ndio waliobeba jeneza kutoka barabarani. Wewe ulifika asubuhi ya mazishi umechoka na safari, macho mekundu. Ilipofika zamu ya familia kutoa neno la shukrani, ukasimama wewe kifungua mimba. Sote tulitegemea useme yale yanayosemwa. Uliwashukuru wanakwaya, ukawashukuru majirani, halafu ukasema jeshi hulishukuru. Ukamnyooshea kidole Sajenti Alinanuswe mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Ukamwambia mmemla mama yangu miaka yote kwa vijisenti, mmemwua kwenye mvua, na leo mmekuja na jeneza mnajifanya watu. Ukamtaka aseme pale pale mafao ya mama yako wapi.

Sajenti aliinamisha kichwa. Watu wakaguna, wakaona kimya chake ni hatia. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake na sikufungua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeapishwa na kwa sababu niliogopa. Angeweza kukujibu, kaka. Angesema neno moja tu na wewe ungeaibika mbele ya kaburi la mama. Hakulisema. Baadaye nilimkuta nyuma ya lori lao amekaa juu ya tairi la akiba. Aliniambia kwamba wewe umesema kweli, wao ndio waliomwua, kwa sababu wangemwambia ukweli siku ya kwanza mama angeondoka pale na asingepigwa na mvua ile. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama alijua, alijua toka Januari ya kwanza. Aliniangalia, akauliza, kumbe hata yale mahindi ya Januari yalikuwa kwa ajili hiyo? Nikamwambia hata mahindi. Mzee yule alilia, Ezron, kwa sauti, na vijana wake wakageukia pembeni ili wasimwone.

Sasa umeelewa kwa nini usisaini. Wakili wako akiuliza jeshi kuhusu mlinzi wa geti, jeshi litajibu kwamba halijakuwa na mlinzi pale tangu baba afariki. Litauliza nani alimruhusu raia kufunga njia ya jeshi na kukaa kwenye nyumba isiyokuwepo. Jibu ni Alinanuswe. Na wote waliomchangia mama watahesabiwa kuwa walijua wakaficha.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo hasa lililonikalisha chini kuandika.

Alhamisi iliyopita Sajenti alikuja hapa kwangu, amevaa kiraia, ameshika mfuko wa rambo mweusi. Hakutaka kuketi. Aliniambia nikujulishe kwamba jeshi limefikiria maombi ya familia na limetoa mafao ya Mama Ezron, na yamo humo. Alisema maneno hayo akitazama ukuta, kama mtoto aliyekaririshwa. Niliufungua mfuko. Noti zilikuwa za kila aina, kaka, nyingine zimekunjwa, nyingine zina mafuta ya kupikia. Nilimwuliza wamezitoa wapi. Alikataa, akakataa, mwishowe akakiri kwamba wamekopa kwenye chama chao na yeye ameuza ng'ombe wake wawili. Alisema kijana wa watu ametoka Zambia na uchungu, si vizuri arudi kwenye kaburi la mama yake akiwa na kinyongo. Akanisihi nisikuambie. Ati nikuambie tu jeshi limelipa.

Nilijaribu kumrudishia. Akasema kilicholetwa msibani hakirudi, akaondoka kwa miguu mpaka stendi. Mfuko uko hapa mezani mbele yangu ninapoandika, na sijalala vizuri tangu uingie humu ndani.

Sitautuma kwa dereva, kaka. Ukiutaka, panda basi uje. Nitakupeleka Getini mwenyewe pamoja na mfuko huu, nimkabidhi Alinanuswe kwanza, na utaupokea kutoka mikononi mwake, vijana wake wakiwa wamesimama, na yeye akikupigia saluti na kukuambia mshahara umetoka. Wataweza kufanya hivyo, nawajua. Mama alipokea kwao miaka yote hiyo kwa sababu alikuwa amesimama pale na bendera kila treni ilipopita. Wewe na mimi, Ezron, tutapokea kwa kazi gani tuliyoifanya?

Nisamehe kwa ukali. Ninakuandikia nikiwa nakupenda, na kusema kweli hasira nyingi niliyonayo ni yangu mwenyewe. Mwambie wifi namshukuru kwa vitenge, na watoto waambie shangazi anawaombea kwenye mitihani. Mkumbatie yule mdogo uliyemwita Ikupa, mwambie bibi yake alikuwa mrefu sana akisimama. Nangoja jibu lako, liwe la karatasi au la miguu, na Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Tabita Jairo